Mtandao Ukikatika, Piga Hodi Kabla ya Kuita Fundi

(Mazungumzo kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kangemi, Kawangware, Dagoretti na mjini kati, Nairobi. Tunayachapa kwa faida ya vikundi vya mashambani pia.)



Nimeombwa niseme juu ya intaneti inayokatika. Labda mlitazamia mtaalamu mwenye tai shingoni. Diploma yangu mimi ni ya huduma za jamii, si ya kompyuta. Lakini ni mimi ninayepigiwa simu kikundi kinapogombana, na miaka hii ya karibuni ugomvi mwingi unaoletwa mbele yangu una kisanduku cha mtandao ndani yake. Vikundi vimenunua kompyuta za mtumba, vimewekewa faiba kwenye ofisi ya chumba kimoja au nyumbani kwa katibu, na kila mwanachama anatoa kitu kidogo kila mwezi. Halafu siku moja hakuna mtandao. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mweka hazina hakulipa! Yule kijana amechezea mashine! Anaitwa fundi, naye fundi akiona kompyuta si ya Windows anatikisa kichwa: "Hii ni Linux, haifai, nipeni pesa niifute niwawekee nyingine."

Leo nataka tujifunze jambo moja tu, nalo ni kujua ni wapi pamekatika, kabla ya kumlaumu mtu na kabla ya kutoa shilingi. Ni kazi ya dakika kumi, na kompyuta hiyo hiyo inayoitwa mbaya ndiyo itakayotusaidia.

Tuondoe kwanza hofu ya hiyo Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akifuata mtindo wa mfumo wa zamani zaidi uitwao Unix, ambao ulianza Marekani mwaka 1969. Aliitoa kwa watu wote waitumie na kuirekebisha bila kulipia leseni. Ile wengi wenu mliyo nayo, Ubuntu, ilitoka mwaka 2004, na aliyeianzisha ni mtu wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth. Jina lenyewe ni la Kizulu na Kixhosa, ni ndugu wa neno letu utu. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba hii ni mashine ya watu wa ajabu. Kompyuta nyingi zinazoendesha mtandao wa dunia zinatumia Linux.

Wale mliopitia mafunzo ya DELTA mnakumbuka tulivyokuwa tukiuliza "kwa nini?", na jibu likitoka tunauliza tena "lakini kwa nini?", mpaka tufike kwenye mzizi. Hapa ni hivyo hivyo, ila tunauliza "ni wapi?" Tunaanza karibu, tunaenda mbali, hatua kwa hatua, wala haturuki.

Tufuate safari basi. Kompyuta iko mezani Kangemi. Inaongea na ruta, ama kwa waya ama kwa waifai. Ruta imeunganishwa na faiba, na mara nyingi viwili hivyo vimo katika kisanduku kimoja. Faiba inatoka dirishani, inapanda nguzo, inafuata nguzo hadi kwenye mitambo ya kampuni mliyoilipa. Kutoka hapo maneno yenu yakienda kwa mtu wa hapa Kenya, yanaweza kupitia mahali kampuni zinapokutana kubadilishana mizigo. Mahali hapo panaitwa KIXP, napo pamekuwako tangu mwaka 2000. Palifunguliwa, pakafungwa baada ya Telkom Kenya kulalamika, pakafunguliwa tena mwaka 2002. Kabla yake, barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Moi Avenue iliweza kwenda ng'ambo kwa setilaiti na kurudi, kama mtu wa Kawangware anayepitia Ulaya kwenda Dagoretti! Na maneno yanayokwenda nchi za nje hushuka mpaka Mombasa, yakaingia kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari.

Kwa hiyo "mtandao umekatika" ni maneno mapana mno. Umekatika mezani? Dirishani? Kwenye nguzo? Baharini? Fundi wa mtaani anaweza kurekebisha mahali pawili tu, mezani na penye ruta. Kwingine kote ni kutupa pesa.

Kabla ya kugusa kibodi, tumieni macho. Stima iko? Ruta ina taa? Msicheke, nimeona watu wazima wakimwita fundi kumbe soketi imezimwa na mtoto. Tazameni taa iliyoandikwa LOS. Hiyo kwenye visanduku vingi, ikiwaka nyekundu au ikimetameta nyekundu, maana yake mwanga wa faiba haufiki nyumbani. Faiba ni uzi wa kioo na kinachopita ndani yake ni mwanga. Ikikunjwa kama kamba ya katani inavunjika, na panya wakiitafuna imekwisha. Tazameni kama imebanwa na mlango au kabati. Lakini msiuchomoe na kuchungulia ndani ya ncha yake, mwanga ule unaweza kuumiza jicho ingawa hauonekani.

Nikae kidogo hapo kwenye taa nyekundu. Kuna kikundi kimoja cha akina mama, sitakitaja, ambacho kilikaribia kuvunjika kwa ajili yake. Mtandao ulipotea siku tatu mwishoni mwa mwezi. Mweka hazina alisema amelipa kwa M-Pesa, akaonyesha ujumbe kwenye simu, na bado wengine wakasema ujumbe unaweza kutengenezwa. Mama huyo alikuwa ameshika hazina miaka sita bila lawama. Mkutano uliitishwa wa kumwondoa. Katika siku zile tatu zote taa ya LOS ilikuwa ikimetameta nyekundu juu ya kabati, kila mtu akiipita. Akaunti ikiisha pesa, kwa kawaida mwanga wa faiba huendelea kufika, taa ile haigeuki nyekundu. Kinachofungwa ni huduma, au mnapelekwa kwenye ukurasa wa kulipia. Taa nyekundu ilikuwa inasema kwa sauti: si pesa, ni waya. Na ndivyo ilivyokuwa. Watu waliokuwa wakichimba kando ya barabara walikuwa wamekata faiba. Mama yule alibaki na kazi yake, lakini waliomsema hawakusahau walivyosema, naye hakusahau.

Sasa tuseme taa zote ni nzuri na bado hakuna mtandao. Fungueni lile dirisha la maandishi matupu, kwenye Ubuntu mnabonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Msiogope. Haya maneno nitakayowapa karibu yote ni ya kuuliza tu, hayafuti kitu.

Neno la kwanza ni:

ip address

Yatatoka maandishi mengi. Tafuteni mstari wenye neno inet. Wenye 127.0.0.1 uacheni, hiyo ni kompyuta kujiita yenyewe. Mnatafuta mwingine, kama inet 192.168.1.23. Hiyo ndiyo anwani ambayo ruta imeipa kompyuta yenu. Ikiwa haipo, kompyuta na ruta hazijajuana, na tatizo liko hapo mezani. Mkiona NO-CARRIER kwenye mstari wa waya mnaoutumia, waya haujashika, au umekufa.

Wenye laptopu za mtumba mnaotumia waifai, angalieni ubavuni mwa mashine. Nyingine zina kidude cha kuzima waifai, na kikiguswa kwa bahati mbaya hakuna kitakachoshika. Andikeni rfkill list. Mkiona Hard blocked: yes, ni kidude hicho. Mkiona Soft blocked: yes, andikeni nmcli radio wifi on. Na kila kikundi kiwe na waya mmoja wa mtandao wa akiba, hata mfupi. Unganisheni kompyuta na ruta kwa waya huo. Kama kwa waya inafanya kazi na kwa waifai haifanyi, basi kampuni haina kosa na mweka hazina hana kosa, shida ni waifai ya mashine.

Neno la pili:

ip route

Mtaona mstari unaoanza default via, na baada yake anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Hiyo ni anwani ya ruta, ndiyo mlango wenu wa kutokea nje. Iandikeni kwenye karatasi muibandike ukutani, msingoje siku ya taabu.

Sasa tunapiga hodi. Liko neno ping, lililotungwa na Mmarekani mmoja, Mike Muuss, mwaka 1983, na kazi yake ni hodi tu. Unamwita mtu, unangoja aitike karibu. Tunaanza na jirani wa karibu kabisa, yaani ruta:

ping -c 4 192.168.1.1

Hiyo 4 maana yake piga hodi mara nne uache, vinginevyo itapiga mpaka jioni (ikiwa mmeisahau, Ctrl na C kwa pamoja huinyamazisha). Mwishoni inatoa hesabu. Ikisema 4 received, 0% packet loss, ruta imeitika mara zote nne. Ikisema Destination Host Unreachable, au 100% packet loss, basi hata jirani hasikii. Zimeni ruta, ngojeni dakika moja, washeni, mpeni nafasi aamke, kisha pigeni tena. Ikiwa mbili zinaitika na mbili zinapotea, na mnatumia waifai, sogezeni kompyuta karibu. Kuta za mawe na mabati hula waifai.

Ruta ikiitika, tunapiga hodi nje ya boma:

ping -c 4 8.8.8.8

Hiyo ni anwani ya Google inayojulikana dunia nzima na kwa kawaida haikosi kuitika. Ruta ikiitika na hii isiitike, sasa tumejua: ndani ya nyumba ni salama, pamekatika upande wa kampuni au malipo yamekwisha. Mweka hazina aangalie tarehe ya malipo, na mkutano uendelee kwa heshima.

Hapa ndipo watu wengi husimama, lakini iko hatua moja zaidi na inasumbua sana:

ping -c 4 google.com

Mnaona tofauti? Kwanza tuliita kwa namba, sasa tunaita kwa jina. Mnajua mambo ya sanduku la posta. Unaweza kumjua mtu kwa jina lake, lakini usipojua S.L.P. yake barua yako itakaa Posta. Mtandao nao unatembea kwa namba, na kuna kompyuta zenye kazi ya kutafsiri jina kuwa namba, zinaitwa DNS. Ikiwa 8.8.8.8 inaitika lakini google.com inakuletea maneno Temporary failure in name resolution, barabara iko wazi ila daftari la majina limepotea. Kwa macho ya kawaida inaonekana mtandao wote umekufa, kwa sababu hakuna ukurasa unaofunguka. Hapo ndipo fundi asiye mwaminifu anapokula pesa nyingi kwa kazi ndogo. Mnafungua mipangilio ya mtandao, sehemu ya IPv4, pale penye DNS mnazima Automatic, mnaandika 1.1.1.1, 8.8.8.8, mnahifadhi, mnazima mtandao na kuuwasha. Basi. Wala msishtuke mkisoma mahali fulani kwamba DNS yenu ni 127.0.0.53, Ubuntu ina karani wake wa ndani anayepokea maswali na kuyapeleka nje.

Niongeze neno: si kila nyumba iliyonyamaza haina watu. Ofisi nyingi za serikali na benki zimeziambia kompyuta zao zisiitikie hodi za barabarani. Kwa hiyo msipige ping kwa ofisi fulani, mkikosa jibu mkasema imefungwa. Pimeni kwa zile zinazoitika kila siku.

Kisha kuna lile jambo la saa, ambalo linawahusu sana wenye kompyuta za mtumba. Ndani ya mashine kuna betri ndogo kama sarafu inayoshika saa na tarehe ikiwa imezimwa. Mashine ya miaka kumi, betri hiyo imekufa. Stima ikipotea, kompyuta inaamka ikifikiri ni mwaka mwingine kabisa. Hodi zote zinaitikiwa, majina yanapatikana, lakini ukienda kulipa au kujaza fomu ya eCitizen, kivinjari kinakataa, kinasema ukurasa si salama. Kwa nini? Kwa sababu kurasa hizo zina hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa saa ya mashine yenu hati hiyo haijaanza. Andikeni date mtazame. Mara nyingi Ubuntu hujirekebisha ikishapata mtandao, lakini si kila mara. Dawa ya kudumu ni kununua betri hiyo mpya, ni kitu cha bei ndogo.

Na kule mbali je? Mwezi wa Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilidondosha nanga ikakata waya wa TEAMS chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Kenya, Tanzania na wengine wakabaki na mtandao wa kuchechemea. Siku kama hizo ruta inaitika vizuri, taa zote nzuri, malipo yako sawa, kurasa nyingine zinafunguka na nyingine zinakataa. Kuita fundi Kawangware siku hiyo ni kama kumwita fundi bomba kwa sababu mvua haikunyesha. Fungueni redio, ulizeni jirani mwenye kampuni nyingine. Ikiwa naye analia, wekeni pesa zenu mfukoni.

Sasa kuhusu kuongea na kampuni. Mkipiga simu, kijana anayepokea anasoma karatasi iliyo mbele yake. Atakuambia, "Bonyeza kitufe cha Start." Ukisema huna, wewe unatumia Linux, anaweza kusema hawasaidii mashine hizo. Usigombane naye, na usikate simu. Mwambie kwa upole hivi: "Ruta yangu inaitika. 8.8.8.8 haiitiki tangu saa mbili na nusu asubuhi. Taa ya LOS ni nyekundu. Nipe namba ya lalamiko." Hapo hakuna habari ya Linux tena, umemwonyesha kosa liko kwenye waya wao. Ile namba ya lalamiko iandikwe. Bila namba ni kama hukupiga.

Tena kompyuta yenyewe inaweza kuandika ushahidi. Mkiandika date >> mtandao.txt na baadaye ping -c 20 8.8.8.8 >> mtandao.txt, majibu hayataonekana kwenye kioo, yataingia kwenye faili hilo mstari baada ya mstari. Fanyeni hivyo asubuhi na jioni kwa wiki moja ikiwa mtandao ni wa kuja na kwenda. Kikundi kinachoweka daftari la mikopo hakishindwi na hili. Kampuni ikiendelea kuwazungusha, iko Halmashauri ya Mawasiliano, ile iliyokuwa ikiitwa CCK. Ofisi zake ziko papa hapa Waiyaki Way, Westlands. Lakini lazima muwe mmelalamika kwa kampuni kwanza, na muwe na ile namba na lile faili. Kwenda pale mikono mitupu na kusema "mtandao wetu ni mbaya" hakusaidii.

Nimeulizwa hapa kwa karatasi: "Sisi ndugu zetu wa mashambani hawana faiba, wanatumia simu kuigawia kompyuta intaneti. Je, haya yanawahusu?" Yanawahusu yote isipokuwa taa. Simu ndiyo ruta yao. Waunganishe simu na kompyuta kwa waya wa kuchajia, wawashe kugawa mtandao kwa USB, kisha waandike ip route. Anwani itakayotoka baada ya default via ni ya simu. Wapige hodi hapo, kisha 8.8.8.8, kisha kwa jina. Simu ikiitika na 8.8.8.8 isiitike, waangalie bando kwanza, na minara ya simu kwenye kioo. Zikionekana hodi zinarudi lakini kwa kuchelewa sana, namba ile yenye ms ikipanda kufika mia kadhaa na kuendelea, huenda mtandao upo ila umejaa watu au simu iko mbali na mnara. Hapo wajaribu usiku, au wapeleke simu dirishani kwa waya mrefu.

Sasa katibu wa Dagoretti atuwashie ile kompyuta pale mezani. Nimechomoa kitu kimoja makusudi, sisemi ni kipi. Mtafute kwa zamu, watatu watatu, na msianze na ruta.